Tanuri lasema 550, ndani ni 850

Malalamiko yaliyokuwa kwenye daftari la maabara hayakuzidi mstari mmoja: tanuri linakata stima. Ni maabara ndogo ya hapa Malindi inayochoma tope la mikoko, mchanga wa ufuoni na unga wa samaki ili kujua kiasi gani kinaungua na kiasi gani kinabaki jivu. Tanuri lenyewe ni la kawaida, la kuweka mezani, wati 3,000 kwa volti 240. Lina koili mbili, moja kila ubavu, matofali ya moto kuzunguka chumba, sufi ya kauri nyuma ya matofali, na kidhibiti joto chenye tarakimu nyekundu usoni. Linaweza kufika 1,100 °C, lakini kazi ya pale ni 550 °C kwa saa 4, siku nenda siku rudi.

Kabla yangu aliitwa fundi mwingine. Alipokuja mara ya kwanza, tanuri likaacha kukata stima. Aliporudi baadaye, kwa kuwa kipimo cha joto kilikuwa kimevunjika, akatia kipya na kazi ikaendelea. Mimi nikaitwa tanuri lilipoanza tena kukata stima. Mkuu wa maabara alikuwa ameshaamua kwamba kidhibiti kimeharibika, na kipya kilikuwa kimeagizwa.

Yule dada anayelihudumia alinivuta pembeni.

“Ami, hili hunitekenya vidole nikishika mlango.”

“Likiwa linawaka?”

“Hata likiwa limezimwa. Nikivaa ndara hupungua.”

Neno hilo la “hata likiwa limezimwa” lilinifaa kuliko daftari zima. Tanuri linalotekenya likiwa linawaka lina umeme unaovuja kwenda kwenye bati. Linalotekenya likiwa limezimwa lina uvujaji huo huo, na juu yake stima inafika kwenye koili wakati hakuna aliyeiomba. Hapo sikugusa kitu. Tulizima kwenye bodi, plagi ikachomolewa na kuwekwa juu ya meza, mbele ya macho yangu muda wote wa kazi. Multimita niliijaribu kwanza kwenye soketi yenye stima, nikapima tanuri, kisha nikarudi kuijaribu kwenye soketi ile ile. Mita iliyokufa husoma sifuri kila mahali, na fundi anayeisadiki bila kuijaribu anaweza kufa akiwa na sifuri mbele yake.

Nilianza na plagi. Ndani yake waya wa arthi, wa kijani na manjano, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma, ukafungwa tepu nyeusi vizuri kabisa. Na ule wa kahawia, ambao ndio wenye moto, ulikuwa umefungwa mahali pa buluu. Kazi safi ya mikono, na kila kitu kimekosewa.

Tuchukue arthi kwanza. Chumba kile kina breka ya uvujaji ya miliampea 30. Hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipotea njiani kwa kiasi hicho, inakata. Tanuri lilikuwa likivuja, breka ikakata, ikawa inafanya kazi iliyowekewa. Arthi ilipokatwa, umeme uliokuwa ukivuja ulikosa njia ya kwenda ardhini, breka ikaona hesabu ziko sawa, ikanyamaza. Bati lote la nje likabaki na stima inayongoja mtu awe ndiye njia. Mtu akiwa na ndara kavu hutekenywa. Akiwa pekupeku kwenye sakafu iliyopigwa deki, mkono mmoja mlangoni na mwingine kwenye bomba la maji, mambo ni mengine. Na safari hii breka ilianza kukata tena kwa sababu tanuri lilisogezwa likaegemea fremu ya chuma ya dirisha. Bati lilipata arthi kwa mlango wa nyuma.

Kupishana kwa kahawia na buluu ndiko kulikoeleza kutekenya kwa tanuri lililozimwa. Kidhibiti hakikati stima chenyewe. Huamuru rilei ya elektroniki, nayo hukata waya mmoja tu. Tanuri hili liliundwa ili waya huo uwe ule wenye moto. Zilipogeuzwa, rilei ikawa inakata njia ya kurudi, na koili zikabaki na volti 240 mchana na usiku, tarakimu ziwe zinawaka au zimezimika. Na hata nyaya zikiwa sawasawa, rilei ya namna hii ikiwa imefungwa huachia umeme kidogo upenye. Kwa hiyo kuzimika kwa tarakimu usoni si ushahidi wa chochote. Anayetaka kutia mkono au koleo ndani ya chumba achomoe plagi, au mlango uwe na swichi inayokata nyaya zote mbili. Hili lilikuwa na swichi ya mlango nzima, hakuna aliyeifunga kwa kipande cha kadibodi kama ninavyoona kwingine, ila ilikuwa ikikata waya mmoja tu, na ndio huo usiokuwa na moto.

Sasa, kwa nini likavuja? Dada alisema kutekenya kulianza na mvua ya mwaka. Hapo pana maelezo mazuri. Matofali ya moto na sufi ya kauri vina vitundu vingi, hunywa unyevu wa hewa. Tanuri linalowashwa kila siku hujikausha lenyewe. Hili lilikaa bila kazi tangu mwishoni mwa Machi, sampuli hazikuletwa kwa kuwa barabara zilikuwa mbaya, na hewa ya Malindi wakati huo huloweka hata chumvi ndani ya kopo. Nilitenganisha kidhibiti na rilei, kwa sababu mega, yaani mita inayopima uvujaji kwa volti kubwa, ingeviua, kisha nikapima kati ya koili na bati kwa volti 500. Ikasoma kilo-omu 6. Gawanya 240 kwa 6,000 upate miliampea 40. Breka ya 30 ingewezaje kuvumilia?

Koili zenyewe hazikuwa na neno. Wati 3,000 zikigawanywa kwa koili mbili ni 1,500 kila moja, na kwa volti 240 hiyo ni omu 38.4 kwenye moto. Zikiwa baridi nilipata 37 na 38. Nilizitazama kwa kurunzi bila kuzigusa. Koili hizi za chuma, kromiamu na alumini zikishaonja moto mkali huwa kama biskuti. Ukizikunja zikiwa baridi zinakatika.

Kukausha kunataka subira, na hapa ndipo mafundi wengi huharibu. Huwezi kulikausha kwa koili zake lenyewe wakati linavuja kiasi hicho, maana breka itakata, na ukiishinda breka umerudi kwenye kosa la kwanza. Nilifungua bati la nyuma, nikaelekeza blowa ya hewa moto mlangoni kwa joto la chini, tundu la moshi likiwa wazi. Mega ikaanza kupanda: kilo-omu 20, 90, na kufikia jioni ilikuwa imevuka mega-omu 1, ambacho ndicho kiwango ninachokubali kabla ya kurudisha stima. Nilifunga plagi upya, arthi mahali pake, kahawia na buluu mahali pake, nikapima kutoka pini ya arthi hadi kwenye bati na hadi kwenye bawaba ya mlango. Bawaba ilisoma vibaya kwa sababu ya rangi na kutu ya chumvi. Nikaikwangua na kuongeza waya wake mwenyewe.

Kisha likawashwa, 120 °C, tundu la moshi wazi. Nilishika kioo cha simu juu ya tundu kikafunga ukungu papo hapo. Tuliliacha hapo hadi kioo kikawa hakifungi tena, ndipo likapandishwa taratibu. Mega baada ya hapo ilisoma zaidi ya 5. Breka haikukata.

Kwa malalamiko ya daftarini kazi ilikuwa imekwisha, na mkuu alikuwa ameshatoa kitabu cha malipo. Lakini tanuri lilipofika 550 nilifungua mlango, na rangi ya ndani haikuwa ya 550.

Chuma na matofali huanza kuonyesha wekundu kwenye 525 °C hivi, tena gizani. Kwenye 550, mchana, chumba kinaonekana cheusi au wekundu wa kubahatisha. Hiki kilikuwa chekundu cha kuiva, joto lake lilinipiga usoni kupitia kinga. Wekundu huo ni wa 800 na ushee. Nilimwuliza dada kama ndivyo huwa. Akasema tangu kipimo kipya kiwekwe, ndivyo, na kwamba alidhani tanuri limepata nguvu.

Nikaomba nioneshwe majibu ya miezi ya karibuni. Tope la mdomo wa mto Sabaki halikumshtua mtu, linapungua uzito kidogo zaidi ya zamani, basi. Lakini mchanga mweupe wa upande wa Watamu na Mida ulikuwa umepoteza asilimia 38. Mchanga ule hauna mboji ya kiasi hicho. Ni matumbawe na makome yaliyosagika, yaani kalisi kaboneti. Kwenye 550 °C kaboneti haifanyi lolote; ndiyo maana wanasayansi wakachagua joto hilo kuchoma mboji peke yake, na kaboneti wakaipima kwa kupandisha hadi 950. Joto likizidi 700 na kupanda, kaboneti huanza kutoa hewa ya ukaa, na ikitoa yote hupoteza asilimia 44 ya uzito wake. Kinachobaki ni chokaa.

Watu wa pwani hii walijua hilo karne nyingi kabla ya tanuri la umeme. Kuta za mji wa kale wa Gede zimeshikwa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Maabara ilikuwa ikichoma chokaa na kuandika kaboni ya mikoko.

Vikombe vya kauri vya mchanga wa Watamu vilikuwa bado kwenye kabati ya kukaushia. Nilivaa miwani, nikadondosha maji kidogo kwenye kimoja. Kikachacha, kikapasuka nyufa, kikatoa mvuke, na kikombe kikawa moto mkononi. Jivu la mchanga uliochomwa 550 hulowa tu.

Bado nilitaka namba. Njia ya kwanza ni ya bei ya chini: chumvi safi ya maabara, sodiamu kloraidi, huyeyuka kwenye 801 °C. Chembe chache ndani ya kikombe chenye kifuniko, tanuri likiwa linaonyesha 550. Ilitoka imekuwa tone lililoganda, linang'aa kama kigae. Chumvi ya mashamba ya Gongoni haifai kwa hili, ina chumvi nyingine ndani yake zinazoiyeyusha mapema. Na usiufanye mchezo wa kila wiki: kloraidi hula ngozi ya oksidi ya alumini inayolinda koili. Njia ya pili ni thamokapo yangu ya aina ya K, yaani kipimo cha joto cha nyaya mbili za metali tofauti, niliyoipitisha tundu la moshi hadi katikati ya chumba. Mita ikasoma milivolti 34 huku chumba cha maabara kikiwa 30 °C. Hiyo ni 850.

Tofauti ya digrii 300 haitoki kwenye kidhibiti mara nyingi, na kidhibiti kipya kingeonyesha 550 ile ile. Nilipokiondoa kipimo nyuma, jibu likaonekana kwa rula. Thamokapo ya zamani ilikuwa ndefu, ncha yake ikitokeza ndani ya chumba. Mpya ilikuwa fupi. Ncha ilikuwa imesimama ndani ya ukuta, sentimita 3 na ushee kabla ya kufika chumbani. Ukuta ni wa sentimita 10, ndani ni 850 na nje 80, kwa hiyo kila sentimita hupunguza karibu digrii 77. Ncha ilikuwa mahali penye joto la chini kwa digrii 250 hivi, ikaripoti kwa uaminifu joto la pale ilipo. Kidhibiti hutambua thamokapo iliyokatika, kikazima koili na kuandika kosa. Kipimo kilichowekwa mahali pasipo pake hakikijui.

Digrii zilizobaki, arubaini na kitu, zilipotea kwenye waya. Fundi aliunganisha kipimo na kidhibiti kwa waya wa kawaida wa shaba, wa kengele. Thamokapo haipimi joto lenyewe, hupima tofauti ya joto kati ya ncha na mahali nyaya zake zinapokomea. Shaba ikianzia nyuma ya tanuri penye 75 °C, na kidhibiti kikadhani nyaya zimefika kwake penye 32, zile 43 za katikati hazihesabiwi. Waya wa kuendelezea lazima uwe wa aina ile ile, K kwa K, hadi kwenye skrubu za kidhibiti.

Rangi zake nazo ni mtego. Kwa desturi ya kimataifa K ni kijani chanya na nyeupe hasi. Kwa desturi ya Marekani ni njano chanya na nyekundu hasi, na fundi yeyote wa stima, akiona nyekundu, mkono wake unakwenda kwenye chanya. Ukizigeuza upande mmoja, joto linapanda na tarakimu zinashuka, kidhibiti kinazidi kuchochea. Mimi siamini rangi. Mguu hasi wa K huvutwa na sumaku, ule chanya hauvutwi. Sumaku ndogo ya mlango wa kabati inatosha. Kisha washa kibiriti chini ya ncha na utazame tarakimu zikipanda.

Kazi ya nyuma ya tanuri ilinipa wasiwasi kuliko stima, kwa sababu ya sufi. Sufi ya kauri ikikaa miaka kwenye joto la karibu 1,000 °C, sehemu yake hugeuka kuwa kristobalaiti, ambayo ni silika ya vumbi laini. Ikiingia mapafuni haitoki, na huleta ugonjwa wa mapafu na kansa. Tanuri hili ni la miaka ya karibuni. Kwenye makongwe sana ubao wa nyuma huweza kuwa wa asbesto, na hapo nafunga bati na kuondoka. Nilivaa barakoa ya daraja la P3, mikono mirefu, nikafukuza watu chumbani, nikazima feni. Vipande vilivyolegea nilivinyunyizia maji kidogo nikavifuta kwa kitambaa chenye unyevu, vyote vikaingia mfuko wa plastiki ndani ya mwingine, na maandishi juu. Bwana mmoja mwema alikuja na ufagio na nia ya kusaidia. Nilimzuia mlangoni. Ufagio mkavu au pampu ya upepo huliinua vumbi lile likae hewani kwa saa nzima.

Thamokapo niliyoweka imevikwa kauri, ncha imetokeza sentimita 3 chumbani, waya wa K mpaka mwisho. Tanuri likionyesha 550, kipimo changu katikati kilisoma 546. Karibu na mlango kilisoma 521, kwa hiyo nimechora mstari kwa chaki ya moto sakafuni mwa chumba: vikombe visipite hapo kuja mbele.

Kimoja nilikidai wakakinunua kwa shingo upande, kwa pesa za kile kidhibiti kilichofutwa oda: kinga ya joto kupita kiasi. Rilei ya elektroniki ikifa, kwa kawaida hufa ikiwa imeshikana, umeme unapita bila kukoma, na kidhibiti kinabaki kutazama. Tumeweka thamokapo ya pili, kidhibiti chake kidogo, na kontakta inayokata nyaya zote mbili ikifika 650. Ikishakata hairudi yenyewe, lazima mtu abonyeze. Swichi ya mlango sasa inaamuru kontakta hiyo.

Soketi ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwenye pini ya moto. Ampea 12.5 kwa saa 4 mfululizo kwenye plagi ya 13 ni kuisukuma hadi ukingoni. Inatakiwa laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, na swichi kubwa ukutani mahali mtu anaweza kuifikia bila kupita mbele ya tanuri. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, si yangu wala ya yule aliyekata arthi, na hadi ifanyike nimewaandikia wasizidishe uchomaji mmoja kwa siku.

Majibu yalikuwa na uzito kuliko tanuri. Sampuli za Mida zilikuwa zimehifadhiwa nusu kwenye chupa, zikachomwa upya. Ule mchanga mweupe ukashuka kutoka asilimia 38 hadi 4. Tope la Lamu, ambako kuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lilikuwa limekwisha lote. Mkuu aliuliza kama hatuwezi kutoa asilimia fulani kwenye majibu ya zamani yakawa sawa. Haiwezekani, kwa sababu kila chupa ina makome yake, na hakuna aliyepima kaboneti kabla. Walioleta tope la Lamu wameandikiwa barua walete jingine, na gharama za kulichoma zitabebwa na maabara.